Mwambie mama dogo anadunda

Mwanangu mambo vipi, mama hajambo? Mwambie aache kuwaza joto la Dar, dogo anadunda. Kweli alivyoshuka stendi pale Mbezi na lile koti alilowa jasho lote, usiku analala sakafuni mbele ya feni, ila joto ndo kitu chepesi maana mwili unajua kazi yake wenyewe, wiki moja mbili hivi jasho linaanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayotoka nalo inapungua, hakuna wa kumfundisha.

Shughuli ipo kwa watu. Mwanzoni akipanda daladala anasalimia gari zima kama yupo kijijini, watu wanamkodolea macho tu. Anasubiri gari isimame ndo aseme anashuka, anapitilizwa. Simu kaishika dirishani kwenye foleni ya Kariakoo, nikamwambia weee! Sasa hivi ukimsikia "shusha hapo konda" utadhani kazaliwa Mbagala, na sijawahi kumkalisha chini, anaangalia tu wenzake wanavyofanya. Ila shikamoo ya mama mwenye nyumba haachi, na msiba ukitokea mtaani yeye ndo wa kwanza kubeba viti, hayo katoka nayo kwenu. Watoto wa hapa usiseme kabisa, baba Mmakonde mama Mhehe, mtoto ni Kiswahili tu na matusi ya mtaa mzima kabla hajaanza shule.

Ulivyosema kuzoea mahali ni damu, nusu nakubali. Wamasai wengi wanakunywa maziwa ukubwani tumbo halisumbui, ni mabadiliko ya kurithi, na utafiti uliotoka 2007 ulionyesha ya wafugaji wa huku Afrika Mashariki siyo yale ya Wazungu, kila upande ulipata kivyake. Selimundu nayo, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ukiipata kwa mzazi mmoja tu inakukinga na malaria kali, ukirithi kwa wote wawili ndo unaugua, ndo maana imeshamiri kwenye maeneo yenye malaria. Bei kubwa hiyo mwanangu, tena inachukua maelfu ya miaka. Dogo angesubiri damu ibadilike si angepitilizwa vituo mpaka anazeeka.

Julai tunakuja wote. Mtafutieni koti, lile kashaliuza soko la Karume, na baridi yenu ya mwezi huo naona itamtoa machozi. Viazi mtuwekee gunia.