Kabla hujanunua chopa noa kisu ulichonacho

Mhariri habari za kazi,

Mimi ni mkaanga chipsi hapa Kijenge Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa, na gazeti lenu nalipata kila siku maana jirani yangu wa duka la dawa akishamaliza kusoma ananipa (wakati mwingine nafungia chipsi, msinichukie, ila ukurasa wa barua huwa nausoma kwanza). Jumamosi iliyopita kwenye ukurasa wa mapishi mmeandika kwamba mama wa kisasa hahangaiki na kisu, anunue chopa (kile kibakuli chenye visu vya kuzunguka ndani), anunue mandolini (ule ubao wenye wembe wa kusugulia mboga zikatike nyembamba), anunue na mashine ya umeme akiweza, kisu kimepitwa na wakati.

Sasa mi naomba niongee kidogo maana hii kazi ya kukata ndo inayonilisha. Kwa siku tunamenya ndoo mbili za viazi, vitunguu vya Mang'ola kama kilo tatu hivi, nyanya za Ngarenanyuki, karoti, hoho na kabichi moja au mbili kutegemea na siku, Ijumaa ndo usiseme. Kwahiyo mtu akiniambia kisu kimepitwa na wakati namsikiliza lakini naangalia na vidole vyake kwanza.

Nianze kwa kukubali nisije nikaonekana mshamba. Ile mashine ya chuma ya kukatia chipsi, ya kushindilia kwa mkono, ninayo na siiachi. Kiazi kikipita kwenye zile wembe kinatoka vipande vyote saizi moja, na saizi moja maana yake vinaiva pamoja, sio hiki kimeungua kile bado kibichi katikati. Ndoo mbili kwa kisu ningekuwa bado nakata wateja wameshaenda kulala. Ila hata yenyewe ina masharti yake, kiazi kikubwa lazima ukigawe kwanza na unakigawa na nini, si kisu hichohicho? Afu wembe zake zikiisha makali zinaponda kiazi badala ya kukikata, vinabaki vipande vidogo vidogo ambavyo vinaungua haraka, mafuta yanakuwa meusi kabla ya muda wake na bei ya mafuta ya kupikia nyote mnaijua.

Kwahiyo mashine yenye kazi moja, na hiyo kazi unaifanya mara mia kwa siku, hiyo nunua. Shida yangu ni hizi nyingine.

Mke wangu mwaka jana alinunua chopa ya kuvuta kamba kwa mtu anayeuza vitu kwenye status, elfu 28, tena akanifanyia sapraizi. Nikasema sawa, nikaweka vitunguu, nikavuta kamba mara kumi kama nawasha jenereta. Kufungua nakuta juu vimekuwa uji na chini kuna robo ya kitunguu nzima imekaa tu inaniangalia. Nikavuta tena, ile robo ikakatika kweli lakini vingine vyote vikawa maji. Kachumbari ya siku hiyo mteja mmoja aliniuliza kaka hii ni kachumbari au supu, na sikuwa na jibu. Siku ya tatu kamba ikakatikia mkononi, sasa hivi lile bakuli tunawekea chumvi.

Na sio kachumbari tu. Mama watoto alijaribu vile vitunguu kwenye pilau, vikagoma kuwa vya kahawia, vimetoa maji yote vikawa vinachemka kwenye sufuria badala ya kukaanga, pilau ikatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Kitunguu cha pilau kinataka kipande chembamba kilichokatwa kikakatika, sio kilichopondwa.

Mandolini nayo nilijaribu kwa ajili ya kabichi, na kusema kweli inakata vizuri mno, nyembamba kama karatasi. Tatizo ni kwamba dogo wangu wa kazi aliona ile plastiki ya kushikia mboga inamchelewesha akaiweka pembeni, wembe ukaondoka na ncha ya kidole chake gumba. Siku hiyo tumeuza chipsi kavu. Mashine haina kosa najua, lakini kile kifaa cha kushikia wangapi huko majumbani wanakitumia?

Hizi za umeme nilishasoma mahali kwamba Mfaransa mmoja Pierre Verdun ndo alizianzisha kwa ajili ya majiko ya mahoteli baada ya kuona wapishi wanavyomaliza muda kukatakata, halafu 1973 Wamarekani wakaletewa ya nyumbani ikiitwa Cuisinart. Yaani chimbuko lake ni mtu mwenye sufuria kubwa. Ukiwa na shughuli ya kipaimara na kilo ishirini za vitunguu nakuunga mkono kabisa, omba Mungu tu umeme usikatike. Ila mama wa kitunguu kimoja na nyanya mbili za maharage, aitoe kabatini, aichomeke, akate sekunde tano, afungue aoshe bakuli, aoshe mfuniko, aoshe kile kisu cha ndani chenye mabawa kwa kukiogopa, mwenzake mwenye kisu ameshakula na vyombo ameosha.

Sasa nikienda kwenye nyumba za watu, na mi huwa naitwa kusaidia kwenye misiba na sherehe, nakuta kitu kimoja kila nyumba. Visu sita kwenye droo na hakuna hata kimoja kinachokata nyanya, unabonyeza nyanya inapasuka pembeni inatema mbegu. Halafu hao hao ndo wananiambia kukata kwa kisu ni mateso na kitunguu kinawaliza. Kitunguu ukikikata kinatoa hewa fulani inayokutana na maji ya macho ndo inawasha, na kisu butu kinaponda zaidi kwahiyo hewa inatoka nyingi, kisu kikali kinapita tu. Hata kujikata, kisu butu ndo hatari maana unakandamiza kwa nguvu kikiteleza kinakuja kwako na nguvu zote hizo.

Kwa kitunguu ninavyofanya mimi, nakigawa mara mbili kuanzia juu mpaka kwenye mizizi, namenya, kile kitako chenye mizizi SIKITOI, ndo kinashikilia matabaka ya kitunguu yasisambae, nalaza ule upande bapa kwenye kibao nakata vyembamba mpaka nakaribia kitako ndo natupa. Nafikicha na chumvi, nasuuza, nakamua. Nyanya nakata mwisho mteja ameshaagiza. Karoti ndo naisugua kwenye greta, hapo sibishani.

Na kunoa sio elimu ya chuo. Jiwe la kunolea lina pande mbili, wa mchanga mkubwa na wa mchanga laini, lilowanishe, inua mgongo wa kisu kidogo tu kama unene wa kidole cha mwisho, vuta upande huu na upande ule kwa idadi sawa. Huna jiwe geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa. Na msikatie kwenye sahani jamani, wala kwenye sinki.

Kuna mzee hupita kwetu na baiskeli yake ya kunolea, anaisimamisha, anakanyaga pedeli jiwe linazunguka cheche zinaruka watoto wanajaa. Kisu kimoja elfu moja. Zamani kila wiki tunamuona siku hizi anaweza kumaliza mwezi. Nilimuuliza, shikamoo mzee mbona umeadimika? Akasema marahaba mwanangu, watu wananunua kisu cha elfu mbili kikiisha makali wanakitupa wananunua kingine, mimi nitamnolea nani.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni moja, ule ukurasa wa mapishi uandike na kuhusu kunoa, hata nusu ukurasa. Mkitaka kuja na mpiga picha karibuni, kisu ninacho, nyanya zipo na yule mzee nitamtafuta, ila mje kabla ya saa kumi jioni, baada ya hapo nina foleni.

Mkaanga chipsi,
Kijenge, Arusha