Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dawa Kabla ya Kisu

Ndugu wanachama, walezi wa chama, na ninyi wenzetu mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa ukumbini, karibuni sana.

Hesabu atazisoma mhazini, na orodha ya mafunzo mmeshagawiwa. Mimi nitautumia muda wangu kwa jambo ambalo kamati ililifanya kazi kuu ya mwaka huu: maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Mama amejifungua kwa upasuaji, ameruhusiwa akiwa mzima, kisha anarudi na homa, mshono umeachia, usaha unatoka na mtoto analia njaa. Hakuna muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, humu ndani ambaye hajampokea mama huyo.

Ukubwa wa tatizo hapa nchini si siri. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia wagonjwa 396 waliopasuliwa; kati yao 77 walipata maambukizi, yaani asilimia 19.4. Hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti wa mwaka 2011 ulikuta asilimia 26. Nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo, maana walihesabu na wakachapisha. Vituo vingi tunakotoka sisi havina takwimu hata moja, na asiyehesabu hujiona salama.

Lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote ni saa ya kutoa antibayotiki ya kukinga maambukizi. Mazoea ya miaka mingi ni haya: mgonjwa anapasuliwa, anarudishwa wodini, ndipo antibayotiki ya seftriaksoni inaanza, siku tano, siku saba, wakati mwingine mpaka siku ya kuruhusiwa. Lakini bakteria huingia wakati ngozi iko wazi. Dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama pale kisu kinapogusa ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka dozi itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na kwa dawa isiyokaa sana mwilini kama sefazolini, ni vyema iwe ndani ya saa moja. Upasuaji ukirefuka au damu ikimwagika nyingi, dozi inarudiwa mezani. Mshono ukishafungwa, dawa ya kinga imemaliza kazi yake. Kwa mama wa uzazi pia dozi inatangulia kisu. Hatusubiri tena kitovu cha mtoto kibanwe.

Katika semina zetu mwanachama mmoja aliuliza swali ambalo naamini wengi walikuwa nalo moyoni: kwa mazingira yetu, wodi zilivyojaa na maji yanavyokatika, tukimnyima mgonjwa dawa za siku saba si tutamuua? Jibu tulilipata kwa majirani. Hospitali ya Thika, Kenya, ilipoweka sera ya dawa kabla ya kisu, wagonjwa waliopata dozi mapema walipanda kutoka asilimia 2 hadi 98 ndani ya wiki 6. Dozi za baada ya upasuaji zikapunguzwa, na maambukizi hayakuongezeka. Thika ni hospitali ya serikali yenye foleni kama zetu. Naomba tuelewane hapa: tumbo lililokutwa na usaha tayari ni ugonjwa unaotibiwa, na huyo anapewa dawa za tiba kwa siku zake. Ninachozungumzia ni kinga.

Nani ahakikishe dozi imetolewa? Sisi, kabla daktari hajapewa kisu. Orodha ya Usalama wa Upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, na kimojawapo kinauliza swali hilo hilo. Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji 8 duniani ilikojaribiwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba karatasi hii ni ya hospitali za Ulaya. Inaniuma kuiona ikijazwa na mtu mmoja, mgonjwa akiwa ameshatoka, vema zote kwa mkupuo. Inasomwa kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama, au haijasomwa.

Wembe uondoke. Unachana ngozi michano midogo isiyoonekana, na bakteria wanapata makazi usiku kucha kabla ya upasuaji. Nywele zisipozuia kazi, ziacheni. Zikizuia, tumieni mashine ya kukatia. Tuache na kuwaandikia ndugu wa mgonjwa wembe kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Kwenye utakasaji wa vifaa tumekuta mambo ya kusikitisha. Ule utepe wa nje ya pakiti ya vifaa unapobadilika rangi unasema pakiti ilipita kwenye joto. Hausemi kwamba mvuke ulipenya hadi katikati. Pakiti zikibanwa ndani ya otokilevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, mvuke haupiti. Zikitoka zimelowa, hazifai kufunguliwa mezani hata utepe uwe mweusi namna gani. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, muda unaanza upya tangu mwanzo, si kuendelea pale ulipoishia. Wekeni ndani ya kila seti kiashiria cha kuonyesha kama mvuke umefika. Na ile desturi tuliyofundishwa vyuoni ya kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha, Shirika la Afya Duniani halishauri tena: klorini inakula chuma, na damu inaidhoofisha.

Pale maji ya bomba yasipoaminika, dawa ya mikono yenye spiriti ni salama kuliko kusugua kwa maji hayo.

Wengi wameniuliza kuhusu kubadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 13,301 katika nchi 7, Rwanda ikiwemo, ulionyesha maambukizi yakishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Najua bohari zetu zilivyo. Hata hivyo naamini hatua hii tunaiweza: tangu seti inapofunguliwa, muuguzi atenge pembeni kishikio cha sindano, koleo na mkasi wa kufungia, visiguswe hadi mwisho, na glovu mpya zivaliwe wakati huo.

Narudi kwenye hesabu. Kati ya wale wagonjwa 77 wa Moshi, 28 walibainika baada ya kuruhusiwa. Zaidi ya theluthi! Maana yake, daftari la wodi peke yake linatudanganya. Maambukizi haya huhesabiwa hadi siku ya 30, na hadi 90 kama mgonjwa amewekewa chuma. Kamati imeandaa fomu ya ukurasa mmoja: namba ya simu ya mgonjwa au ya ndugu, saa dawa ilipotolewa, saa ya kupasua, na hali ya kidonda siku ya 7 na ya 30. Kwa akina mama, kidonda kiangaliwe siku wanayokuja kliniki na watoto. Wenzetu wa afya ya uzazi wamekubali kutusaidia, nami nawashukuru kwa moyo wote.

Ada za mwaka hazikulipwa vizuri, na hilo mhazini atalieleza.

Ombi langu kwa mkutano huu ni moja. Katibu amekaa na fomu pale mlangoni. Kila kituo kichukue za kutosha miezi mitatu na kiache jina la atakayezisimamia, kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa tukirudi tunaingia kwenye uchaguzi wa kamati.