Wagonjwa walewale, daftari lileile

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimeyasoma mara mbili maelezo ya utafiti wenu wa homa za watoto, unaowaunganisha daktari, mwanahistoria na mwanaanthropolojia, na neno langu la kwanza ndilo zito: msimpe kila mtaalamu sura yake. Daktari akiandika yake, mwanahistoria yake na mwanaanthropolojia yake, mtapata kitabu kinene ambamo kila mmoja amebaki na alichokijua tangu mwanzo. Wapeni wote wagonjwa walewale, katika daftari moja, na swali ambalo hakuna anayeweza kulijibu peke yake.

Chukua mfano wa kuru, ugonjwa wa Wafore katika nyanda za juu za mashariki ya Papua Guinea Mpya. Mwaka 1957 Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliwaeleza madaktari wenzao: mgonjwa anaanza kuyumba, mwili unatetemeka, kisha hawezi hata kukaa bila kushikwa, na kwa kawaida hufa baada ya mwaka hivi. Homa hana, wala maji ya uti wa mgongo hayaonyeshi dalili za maambukizi. Waliougua walikuwa wanawake, na watoto wa kike kwa wa kiume. Wanaume wazima walikuwa wachache mno. Kwa kuwa ulifuata familia, wengi waliona ni wa kurithi.

Kilichoitikisa dhana hiyo hakikutoka maabara. Mapema miaka ya 1960 wanaanthropolojia Robert Glasse na Shirley Lindenbaum walikaa vijijini wakichora nasaba. Wakakuta kwamba wengi waliohesabiwa ndugu hawakuwa ndugu wa damu, na kwamba wazee waliwakumbuka wagonjwa wa kwanza kabisa. Ugonjwa ulikuwa mgeni. Jeni inayoua watoto na wanawake wa umri wa kuzaa haienei kwa kasi hiyo ndani ya maisha ya mtu mmoja. Ndipo likaja swali la nani alikula nini. Maiti za ndugu zililiwa katika maombolezo, na waliokula, ubongo ukiwemo, hasa walikuwa wanawake na watoto waliokuwa nao. Mvulana akifika miaka 6 hadi 8 alihamia nyumba ya wanaume. Jedwali la umri na jinsia, lililowasumbua madaktari, sasa lilisomeka.

Kwingineko daktari wa mifugo, William Hadlow, aliona London mwaka 1959 picha za ubongo wa wagonjwa wa kuru. Akavitambua vile vitundu: ni vilevile vya kondoo wenye skrepi, ugonjwa wa kuambukiza unaoharibu ubongo wao. Aliliandikia jarida la Lancet akashauri wanyama wa jamii ya nyani wadungwe ubongo wa waliokufa kwa kuru, kisha wasubiriwe sana. Sokwe waliodungwa walikaa mwaka mmoja na nusu au zaidi bila dalili, kisha wakaugua kama wagonjwa wa kuru. Ripoti ya jaribio hilo, la Gajdusek na wenzake, ikatoka 1966. Gajdusek alipata Nobel mwaka 1976. Wachora nasaba hawatajwi sana, nami naiona hiyo ni dhuluma, ingawa ndogo.

Hilo la kusubiri mlifikirie kuhusu mradi wenu wa miaka 3. Wagonjwa 11 wa kuru waliotambuliwa kati ya 1996 na 2004 wote walizaliwa kabla ulaji huo haujakoma, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ugonjwa unaweza kujificha mwilini zaidi ya miaka 50.

Sasa kazi yenyewe. Nasaba ianze na mgonjwa, ipande vizazi 2, kisha ishuke kwa ndugu zake wote na watoto wao. Ulizeni kwa kufuata mimba, ya kwanza hadi ya mwisho, si kwa kufuata walio hai. Waliofariki wachanga na waliohama ndio husahaulika mwanzo. Maneno ndiyo yanayoteleza. Hata kwetu "baba" aweza kuwa baba mdogo, na "mama" akawa dada yake mama. Kwa hiyo muulize: "Nani aliyekubeba tumboni?" Udugu wa damu upigiwe mstari mzima, wa kuitana upigiwe vitone. Nasaba hiyohiyo waitoe watu 2, mwanamke na mwanamume, kila mmoja peke yake. Zinapotofautiana ndipo pa kurudi.

Umri wa kukisia hujirundika kwenye 30, 40 na 50. Tengenezeni kalenda ya matukio 15 hadi 20 (mafuriko, njaa, shule kufunguliwa) ambayo mwanahistoria ameihakiki miaka yake katika nyaraka. Badala ya "alifariki mwaka gani?" mwulize, "shule ilikuwa imeshafunguliwa?"

Dodoso nalo lina mtego. Mnauliza: "Je, mtoto alikuwa na homa wakati wowote katika wiki 2 zilizopita?" Mmelitafsiri kwa Kiingereza na kulirudisha, limerudi safi. Usafi huo unadanganya. Kwa mmoja homa ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria yenyewe, kwa wa tatu ni kujisikia vibaya tu. Na mzazi ambaye mtoto wake alishikwa na degedege anaweza kujibu "hapana", maana kwake degedege si homa. Wasomeeni watu 10 hadi 15 swali hilo, kila mmoja aseme kwa maneno yake ameulizwa nini. Kisha daftarini wekeni safu 2: neno la mzazi kama alivyolitamka, na joto la kwapani siku mliyomwona mtoto, ambapo nyuzi 37.5 na kuendelea ndiyo homa ya daktari. Safu moja isifute nyingine. Watoto ambao safu zao hazipatani ndio wazazi wao wahojiwe kwa kina kwanza. Hao watakuwa 30 hivi, waliochaguliwa kwa makusudi, kwa hiyo msiwatolee asilimia.

Majina msiyaweke. Nasaba ya kijiji kidogo humfichua mtu hata bila jina, sembuse nalo. Tumieni namba, na orodha ya kuzioanisha na majina ikae kwenye faili la pembeni, kwa mtu mmoja.

Mkifikisha wagonjwa 20 wa majaribio, nitumie kurasa zao kabla hamjachapa dodoso zima. Nitaanza na ile safu ya maneno ya wazazi.

Wako,
Sefu