Karatasi ya kipimo cha moyo ni ya mgonjwa, apewe na aelezwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo linalohusu kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho hospitalini na mitaani tumezoea kukiita ECG. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuwalaza wagonjwa kitandani, kuwabandika vibandiko kifuani na kuwatolea karatasi ile yenye milima na mabonde. Nimewaona wengi wakiondoka na furaha kwa kuambiwa neno moja tu, kwamba moyo uko sawa, na neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka juzi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alianza kulalamikia maumivu ya chembe ya moyo. Lugha yetu yenyewe inatuponza hapa, kwa sababu chembe ya moyo ni pale juu ya tumbo, chini kidogo ya mahali mbavu zinapokutana, na mtu akisema anaumwa chembe, kila anayemsikia hufikiria vidonda vya tumbo. Naye alifikiria hivyo hivyo, akatafuna vidonge vya magnesiamu kwa wiki mbili, ingawa maumivu yalimjia kila alipopanda kilima cha kwenda shambani na yalitulia kila alipoketi. Nilimsihi akapime moyo. Alikwenda asubuhi moja, siku ambayo hakuwa na maumivu yoyote, katika kituo ambacho sitakitaja. Alipimwa mara moja, karatasi ikatoka ikiwa na maandishi ya mashine yenyewe kwamba hakuna kasoro, akaruhusiwa kurudi nyumbani bila mtu kumuuliza maumivu humpata akiwa anafanya nini. Alipitia kwangu.

“Shemeji, moyo wangu ni mzima, karatasi hii hapa.”

Niliichukua, nikaenda kuitoa kopi dukani, kisha nikamwambia arudi aonane na daktari, naye akaniahidi wiki inayofuata. Usiku wa pili jasho lilimtoka hadi shuka likalowa, maumivu yakapanda mpaka kwenye taya, na mkewe akampakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali.

Karatasi ile ya kwanza haikusema uongo. Moyo hupiga kwa sababu ya umeme mdogo unaoanzia juu upande wa kulia, ukasambaa kwenye vyumba vya juu, ukashuka hadi vyumba vya chini, na baada ya hapo msuli hujiandaa kwa pigo jingine. Safari hiyo ndiyo inayochorwa: kijilima kidogo cha P ni cha vyumba vya juu, mlima mkali wa QRS ni wa vyumba vya chini, na mgongo wa T ni wa msuli unaojiandaa upya. Herufi hizo alizichagua Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, na ambaye mtambo wake wa kwanza ulikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270 na ulimtaka mgonjwa atumbukize mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Siku hizi tunatumia vibandiko 10, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, navyo hutupatia sura 12 za moyo uleule ukitazamwa kutoka pande mbalimbali. Niwaondoe hofu kina mama walioniuliza mara nyingi kama watapigwa shoti: mashine haipeleki umeme wowote mwilini, inapokea tu ule ambao moyo wenyewe unautoa.

Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, na kwa kawaida kipimo kizima huchukua sekunde 10. Naomba wasomaji wazitafakari sekunde hizo. Ndani ya muda huo tunaweza kuona kasi ya mapigo, ambayo kwa mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, tunaweza kuona mapigo yasiyo na mpangilio yanayoweza kuleta kiharusi, dalili za msuli ulionenepa kwa presha ya miaka mingi, kovu la shambulio lililopita, au shambulio linaloendelea wakati huo. Hata hivyo, mapigo yanayovurugika mara moja kwa siku yanaweza kutulia kabisa katika sekunde zile 10, na mshipa wa moyo uliosinyaa huenda usiache alama yoyote mtu akiwa amelala ametulia, ndiyo maana wengine hupimwa wakitembea kwenye mashine au hufungwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24. Valvu zilizoharibika, yaani milango ya damu ndani ya moyo, ambazo tunaziona kwa watoto waliougua homa ya baridi yabisi, huhitaji kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hata mtu aliye katikati ya shambulio la moyo anaweza kuwa na ECG isiyo na kasoro ya wazi, na hapo daktari hurudia kipimo na kupima troponini kwenye damu, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Kwa hiyo karatasi isiyo na kasoro haitoshi kumrudisha nyumbani mtu ambaye maelezo yake yanatia shaka.

Mkono wa anayepima nao una nafasi yake. Nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto zikibadilishwa, mchoro wa kwanza kati ya zile sura 12 hutoka kichwa chini, na mgonjwa akitetemeka kwa baridi mistari hujaa mawimbi yanayofanana na ugonjwa. Nilijifunza kumfunika mgonjwa khanga miguuni, kunyoa nywele za kifua pale kibandiko kinapokaa, na kutokubali kamwe maandishi ya mashine yasimame mahali pa macho ya daktari.

Kwa upande mwingine, sipendi tuanze kukimbilia ECG kama dawa ya wasiwasi. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri kwamba watu wazima wasio na dalili na walio katika hatari ndogo wasipimwe ECG kwa ajili ya kuchunguzwa tu, na mimi nakubaliana nalo, kwa kuwa kasoro za uongo huzaa vipimo vingine vya gharama na usiku bila usingizi. Mtu wa namna hiyo atafaidika zaidi akipima presha na sukari. Mwenye maumivu ya kifua au ya chembe yanayokuja akijitahidi, anayezimia, anayeishiwa pumzi au ambaye moyo humwenda mbio bila sababu, huyo asingoje wiki inayofuata. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kwani shambulio linaweza kumjia na uchovu na kichefuchefu tu, bila maumivu makali. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa anayefika na maumivu ya kifua apimwe ECG na isomwe ndani ya dakika 10, na ninaamini hata kituo chenye mashine moja kinaweza kulifanya hilo, mradi foleni isimzuie.

Usiku ule shemeji yangu alipimwa mara tu alipofika. Daktari aliuliza kama kuna ECG ya zamani, mkewe akatoa kopi yangu kwenye mkoba, zikalazwa mezani sambamba. Kipande cha mstari kati ya S na T, ambacho katika ya kwanza kilikuwa sawasawa, katika ya pili kilikuwa kimenyanyuka wazi katika sura kadhaa, ishara ya shambulio la moyo. Daktari hakuhitaji kujiuliza kama hayo ni maumbile yake ya siku zote. Matibabu yalianza palepale, na leo shemeji anakunywa dawa zake na anatembea.

Ndiyo maana ninaviomba vituo vyote, vya serikali na vya binafsi, vimpe kila mgonjwa karatasi yake, viandike juu yake tarehe, saa na kama alikuwa na maumivu wakati wa kupimwa, na vimweleze kimeonekana nini na nini hakiwezi kuonekana kwa kipimo hicho. Nanyi wasomaji, karatasi nyingi za mashine hizi huchapwa kwa joto na hufifia zikikaa juani au kwenye bahasha ya plastiki, mpaka zikabaki nyeupe. Toeni kopi siku hiyohiyo mnapotoka hospitali, mwende nayo kila mnapotibiwa, na mtu wa nyumbani ajue ilipowekwa.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro