Siku ya Idi hatukwenda matembezini

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu likiuzwa shilingi 200, na sijawahi kuwaandikia hata salamu. Ila habari yenu ya mvua ya Idi imenikaa kooni. Yule kiongozi mliyempa nusu ukurasa alisema wazazi wanaokokota watoto matembezini wakati tahadhari imetolewa wasilalamike yakiwakuta. Mwandishi wenu akayaandika hivyo hivyo, akaweka nukta, akaenda zake kula pilau.

Matembezi yepi? Miaka hii Idi imeangukia masika, hatukuichagua. Dada yangu mkubwa yuko Ilala, miguu haimruhusu tena kuja Sinza. Mjukuu wa miaka minne asipopelekwa kumpa mkono wa Idi, atamjulia wapi? Na tahadhari niliisikia, redio ninayo. Mvua kubwa Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Sasa hapo nikae ndani au nihamie Dodoma? Tahadhari inataja mkoa, haitaji daraja.

Tulipanda daladala yakiwa manyunyu tu. Mtoto kavaa kanzu nyeupe na kofia ya marehemu babu yake iliyokuwa ikimshukia machoni. Konda: "Mama, pakata mtoto au lipia siti." Mapajani nina hotpoti ya pilau, nikalipia siti. Kufika Magomeni Mapipa, bodi ikapigwa: "Mwisho wa gari! Jangwani hapapitiki!" Jangwani ndipo barabara yetu inapovuka Mto Msimbazi. Nikauliza nauli yangu. "Kwani mimi ndiye niliyeleta mvua, mama?" Tukashushwa kwenye maji ya vifundoni, na mvua sasa imeshika upepo, inapiga ubavuni, mwavuli ukapinduka vijiti vikabaki juu. Vijana wa mikokoteni wakatuzunguka: buku mbili kuvushwa, mtoto bure. Kuvushwa! Maji yale yamebeba godoro na mlango mzima wa choo, halafu mimi nimpakie mtoto wa watu kwenye mkokoteni! Nikatafuta bajaji ya kuzungukia Kigogo: shilingi 15,000, na dereva anasema kanipunguzia kwa kuwa ni sikukuu. Tunabisha hodi kwa dada, kanzu ina tope hadi kiunoni, na mtoto alishaacha kulia, meno tu yanagongana. Akavuliwa, akavishwa fulana ya dada iliyomburuza chini.

Sasa niambieni, ni nani asiyejua habari za Jangwani? Tangu mafuriko ya Desemba 2011, watu walipohamishiwa Mabwepande, kila masika ni wimbo ule ule. Na Msimbazi haujai kwa siri. Unatoka milima ya Pugu huko Kisarawe, unapita Vingunguti, unapita Tabata, unapita Kigogo, ndipo uje utukute sisi Jangwani. Yaani maji yanasafiri, na njia nzima ina wenyeviti wa mitaa wenye simu mkononi. Lakini habari inamfikia konda, na konda anaitoa akishakusanya nauli.

Na kwa kuwa nimemtaja konda, hili nalo mliandike siku moja. Nauli ya mwanafunzi tunaijua, ya mtu mzima tunaijua. Huyu wa miaka minne asiye na sare ya shule ni nani? Asubuhi ni mzigo, apakatwe. Gari likiwa tupu ni abiria, alipe. Mvua ikinyesha anakuwa siti na nusu. Juzi jirani yangu katozwa kwa mtoto aliyembeba mgongoni! Eti kachukua nafasi ya kusimama.

Daraja jipya la Jangwani likikamilika nitakwenda kupiga vigelegele kama wengine. Kabla ya hapo siombi mradi. Naomba ubao mmoja mweusi, futi tatu kwa mbili, utundikwe kituoni Sinza, na mwingine Ubungo. Juu uandikwe kwa rangi JANGWANI, chini kwa chaki PANAPITIKA au HAPAPITIKI. Vingunguti wakiona maji yamepanda, wapige simu, mtu afute neno moja aandike lingine. Chaki nitanunua mimi, katoni nzima, na dasta nitashona kwa kanga kuukuu. Kama kazi hiyo inahitaji semina, basi semina ifanyike Mapipa, mvua ikinyesha, na huyo kiongozi wenu awe mgeni rasmi, aje na wajukuu zake.

Mkiichapa barua hii msikate pale pa konda.

Bibi wa Sinza,
Dar es Salaam