Matokeo ya utafiti wa miti yetu yako wapi?

Mhariri,

Miaka yote mimi ni msomaji wenu tu, kuandika nimewaachia wengine. Lakini habari yenu kuhusu watafiti wa kilimo mseto na "washirika wao wakulima" wa Shinyanga imenishinda kunyamazia. Mmeandika kana kwamba ngitili, yaani malisho ya kuhifadhi, zililetwa na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga). Wasukuma walikuwa wakifunga malisho wakati wa mvua na kuyafungulia mifugo kiangazi kabla HASHI haijaanza mwaka 1986. Mradi ule ulifanya kazi, sikatai. Ngitili za mkoa mzima, kama ulivyokuwa wakati ule, zilivuka hekta 300,000, na migunga ikarudi kule ilikofyekwa zamani kufukuza mbung'o.

Kinachoniudhi ni huo ushirika. Mimi ni mshirika! Walikuja vijana wa chuo kimoja, nikawapa kipande cha shamba, wakapanda miti, mahindi katikati. Wakapima unene wa mashina, wakapigilia kibati cha namba kwenye kila mti, wakamuuliza mke wangu anatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki na tunakula mara ngapi kwa siku. Tukapewa soda na fulana, tukaambiwa matokeo yanakuja. Wakaja wengine, chuo kingine, dodoso lile lile: mnakula mara ngapi? Vibati sasa vimemezwa na magome, unaona ncha ya bati na nusu ya namba, na mpaka leo sijui kama mahindi ya jirani na miti yalizaa kuliko yale ya peke yake. Wao wanajua. Nasikia yameandikwa kwenye jarida, kwa Kiingereza, na kulisoma ni kwa kulipia. Shamba langu, mahindi yangu, halafu nilipie!

Na hili la vibali nalo. Nilitaka kusafirisha nguzo chache za zizi, nikazungushwa ofisi hadi ofisi. Afisa mmoja akataka nithibitishe kuwa miti niliipanda shambani kwangu. Nikamwonyesha kibati. Akasema hakitambui.

Naomba basi mtafiti asiingie kijijini na dodoso jipya kabla ya kutusomea majibu ya lile la zamani, kwenye mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, siku isiyo ya mnada. Kipaza sauti akodi yeye. Soda tutanunua sisi.

Mkulima mshirika,
Kishapu, Shinyanga