Kompyuta ina GB 8, mbona inatumia GB 3 tu?

Mama mmoja alitufikia kwenye duka letu la kutengeneza kompyuta asubuhi na mapema akitokea Tukuyu. Boksi la kompyuta alilifunga kwa kitenge, akalipakata njia nzima kwenye Coaster lisije likagongwa. Hata shikamoo zetu hazijaisha akasema, “Wanangu, mimi nimeibiwa.” Ana steshenari. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia vijana maombi ya chuo. Mashine yake ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa inafanya kazi) ya GB 4 na ilimchosha kwa kuganda, akajinyima, akanunua GB 4 nyingine. Mashine ikaendelea kuganda vilevile. Jirani akaichungulia, akamwambia hiyo RAM ni feki.

Tuliwasha mashine mbele yake. Mstari wa RAM ulisomeka GB 8.00, na pembeni yake, ndani ya mabano, zinazotumika GB 3.24. Hakuibiwa. RAM aliyouziwa ilikuwa nzima na ilikuwa inaonekana. Kilichokuwa kinaikataa ni Windows aliyopigiwa, yaani mfumo aliowekewa wa kuendesha mashine.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu linatuuma. Kila mwezi tunapokea watu waliotoa hela yao ya jasho kununua RAM ya pili, wengine hata ya tatu, na wengine wamekosana na muuza duka bure. Ungekagua kwa dakika kumi kabla ya kununua, hela hiyo ingebaki mfukoni.

Anza hivi. Nenda kwenye This PC, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties. Tafuta mistari miwili: unaotaja RAM, na unaotaja aina ya mfumo, yaani biti 32 au biti 64. Usifungue boksi kabla hujaisoma, maana hiyo ndiyo inayokuelekeza pa kutafuta.

Kama namba ya kwanza ni sahihi, yaani umeweka GB 8 na yenyewe inasema 8, ila inayotumika iko kati ya 3 na 3.5, na mfumo ni wa biti 32, umeshapata jibu. Fikiria ghala la mahindi pale Uyole. Mtunza ghala ana daftari lenye mistari iliyohesabiwa, kila gunia mstari wake. Mistari ikiisha, hata ukishusha Fuso zima, magunia yatalala ghalani na hakuna atakayeyatoa, kwa kuwa hayajaandikwa popote. Daftari la Windows ya biti 32 lina mistari 4,294,967,296, kila mstari baiti moja, na hizo ndizo GB 4. Tena si mistari yote ni ya mahindi. Mingine imeshachukuliwa na mizani na matoroli, maana kadi ya picha na vifaa vingine vya ndani navyo huandikwa kwenye daftari hilohilo. Ndiyo maana unabakiwa na tatu na pointi. Uongeze GB 4 au GB 12, daftari ni lile lile.

Dawa yake ni kupiga Windows ya biti 64. Haiwezekani kupanda kutoka 32 kwenda 64 huku mafaili na programu zikibaki mahali pake. Mfumo unapigwa upya. Kwa hiyo mafaili yahamishwe kwanza kwenye diski ya nje, na mwenyewe uyafungue uhakikishe yapo. Tumeshaona watu wakilia kwa picha za harusi zilizofutwa na fundi mwenye haraka. Angalia pia kama prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za mashine, inaweza biti 64: kwenye Windows 10, ule mstari wa aina ya mfumo ukitaja prosesa ya x64, inaweza. Mashine nyingi za mezani zilizotumika maofisini huko nje na kuletwa hapa nchini zinaweza bila shida. Zilipigwa tu biti 32 na mtu aliyekuwa na flashi moja ya zamani ya kupigia mashine zote.

Lakini wenye steshenari tunawashauri wasikimbilie. Windows ya biti 64 inadai draiva za biti 64, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Ukiwa na printa au skana ya miaka mingi ambayo mtengenezaji wake aliishia kwenye draiva za biti 32, siku unafurahia RAM yako ndiyo siku printa itakapogoma. Kwa yule mama tulitafuta kwanza draiva ya printa yake, tukaipata, ndipo tukagusa mfumo. Tusingeipata, tungemwambia arudi na mashine yake kama ilivyo. Printa ndiyo inayomlisha.

Tatizo la pili ni lile la namba ya kwanza yenyewe kuwa pungufu. Umeweka 8, mashine inasema 4. Hapa Windows haina kosa, RAM moja haionekani kabisa. Kwa ukanda wetu, cha kwanza tunachokishuku ni vumbi na safari. Mashine imesafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, halafu ikapanda pikapu kwenda kijijini. RAM hulegea kwenye sloti (mfereji inamochomekwa) kwa unywele tu, na hilo linatosha.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kitu kingine. Kiangazi cha huku hewa ni kavu, ukivua tu sweta unasikia cheche, na cheche hiyo inaweza kuua RAM bila wewe kujua. Fungua vishikizo vya pembeni, toa RAM kwa kushika kingo zake. Utaona mstari wa meno ya rangi ya dhahabu chini. Yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa raba safi ya mwanafunzi, raba nyeupe laini, pande zote mbili, kisha futa chembe zake kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Kuna mkato mdogo ambao hauko katikati kabisa. Ukiigeuza RAM haiingii, basi usilazimishe. Ukiulenga, kandamiza ncha zote mbili kwa dole gumba mpaka usikie vishikizo vikijifunga vyenyewe. Kishikizo kisipojifunga, RAM haijaingia, hata kama kwa macho inaonekana imeingia.

Bado? Jaribu RAM moja moja, sloti moja moja. Ugonjwa ukiifuata RAM ile ile kila sloti, ni RAM. Ugonjwa ukibaki kwenye sloti ile ile hata ukibadilisha RAM, lete kwetu. Mara nyingine tunakuta mtu alibadilisha prosesa au feni yake, pini moja kwenye soketi, pale prosesa inapokaa, ikapinda. Kwenye mashine za Intel za kuanzia Core i, prosesa ndiyo inayoongoza RAM, hivyo pini moja tu inaweza kuzima upande mzima wa sloti za RAM. Hiyo ni kazi ya kioo cha kukuzia na mkono uliotulia, tafadhali usiinyooshe kwa bisibisi.

Kuna mitego mingine midogo. Wapo wanaofungua msconfig (programu ya Windows ya kupanga uwashaji), wakaingia Boot, kisha Advanced options, wakaweka tiki kwenye Maximum memory wakidhani wanaongeza kasi. Tiki hiyo inaweka kikomo. Itoe, washa upya. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) za zamani kuna kipengele cha memory remap, nacho kikizimwa hukata RAM hata kwenye biti 64. Na kama huna kadi ya picha ya pembeni, sehemu fulani itachukuliwa kwa ajili ya skrini, na huo si ugonjwa.

Mazabodi, yaani bodi kuu za ndani zinazochomekwa RAM na prosesa, nazo zina mwisho wao. Zenye chipu ya Intel 945 huishia GB 4, za G41 huishia GB 8, za H61 GB 16. Windows 7 Home Basic, hata ya biti 64, haivuki GB 8. Kuna pia RAM za bei ya kutupa zilizotengenezwa kwa mashine zenye prosesa za kampuni ya AMD peke yake. Kwenye mazabodi ya Intel hazisomi, na muuzaji mwingine hajui. Ukienda kununua, beba RAM yako ya zamani iwe mfano.

Kuangalia tatizo hatutozi. Tukigundua huhitaji RAM mpya tutakwambia, ingawa RAM tunauza. Mama wa Tukuyu aliondoka na GB 7.88 zinazotumika, na GB 8 zake zile zile. Ukija, leta boksi na RAM zote ulizonazo, pamoja na jina na namba ya printa yako uliyoiandika kwenye karatasi. Monita iache nyumbani, tunayo.